Kwa Nini Kiingereza Hakihesabu Ushauri

Kwa miaka mingi niliandika neno "informations" katika barua na ripoti zangu za Kiingereza bila kulitilia shaka hata siku moja. Aliyenizindua ni mhariri mmoja aliyekuwa akipitia andiko langu: alilizungushia neno hilo duara la wino mwekundu, akaikata ile "s" ya mwisho, akashuka mstari uliofuata na kufuta "an" iliyotangulia "advice", na pale ukingoni mwa ukurasa hakuandika neno lolote la kufafanua. Masahihisho hayakuniudhi. Kilichonisumbua ni ule ukingo mtupu, kwa sababu kanuni yenyewe nilikuwa nimeisoma na kuikariri tangu utotoni: nomino isiyohesabika haipokei "a" wala "an", na haina wingi. Nisichokijua ni jinsi ya kutambua kwamba taarifa, ambazo mimi nimezihesabu maisha yangu yote, taarifa moja, taarifa mbili, kwa Kiingereza hazihesabiki.

Nimelifikiria jambo hilo tangu wakati ule, na ninaamini kwamba tunafundishwa vineno hivi, "a", "an" na "the", kana kwamba tatizo ni moja, ilhali yako maswali mawili tofauti ambayo mwandishi hana budi kujiuliza kabla ya kila nomino. La kwanza: je, hiki ninachokitaja ni kimoja miongoni mwa vya namna yake, chenye mwanzo na mwisho wake, au ni kitu kisicho na mipaka ya kukitenga hiki na hiki? La pili: je, msomaji wangu anajua ni kipi hasa ninachokizungumzia? Swali la pili sisi tunalo katika lugha yetu kwa ukamilifu, hata kama hatukuwahi kuambiwa hivyo darasani. Lile la kwanza ndilo linalotuponza.

Tazama hadithi zetu zinavyoanza. "Hapo zamani za kale paliondokea sultani mmoja." Hakuna msikilizaji anayedhani kuwa msimulizi anamhesabu sultani huyo ili tusije tukafikiri walikuwa wawili, "mmoja" hapo anatuarifu kuwa huyu ni mtu mgeni kwetu, ndiyo kwanza anaingia. Sentensi inayofuata itasema "yule sultani", kwa kuwa sasa tunamfahamu. Kazi hiyo hiyo ndiyo inayofanywa na "a" na "the", na historia ya Kiingereza yenyewe inalithibitisha hilo: "an" ilitokana na neno la Kiingereza cha kale "ān", lililokuwa na maana ya namba moja, kisha ikapoteza "n" yake mbele ya sauti za konsonanti na kubaki "a", na "the" ilichipuka kutoka katika vionyeshi vya kale, ukoo mmoja na "that" ya leo. Kwa hiyo "a" ni mmoja aliyechakaa kwa matumizi, na "the" ni yule aliyechakaa vivyo hivyo. Mbali na "yule", tunacho pia kiambishi cha yambwa, ile silabi ndani ya kitenzi inayosimama badala ya kitu kinachotendwa. Anayesema "nimenunua kitabu" analeta habari mpya, lakini anayesema "nimekinunua kitabu" anakusudia kitabu ambacho mimi na yeye tulishakizungumza. Silabi "ki" peke yake imebeba tofauti iliyopo kati ya "a book" na "the book".

Ndiyo maana ninasikitika kila ninaposikia mwanafunzi akiambiwa kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kutofautisha mambo haya. Kinao, ila hakilazimishi kuutumia katika kila nomino, na Kiingereza kinalazimisha.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza, ambako ngeli zetu hutuelekeza kwingine. Sisi husema "maji haya", "mafuta yale", "maendeleo makubwa", "maarifa mengi". Upatanisho wake wote ni wa wingi, na mkono ukizoea wingi huo huandika "progresses" na "knowledges", maneno ambayo, kama nomino za wingi, hayapo katika matumizi ya kawaida ya Kiingereza. Sisi husema "nywele zake ni ndefu", kwa sababu kila unywele ni mmoja, na tunapofasiri tunaandika "her hairs are long", ilhali Kiingereza huzitazama zote zilizo kichwani kama kitu kimoja na kusema "her hair is long", huku "a hair" ikibakia kwa ule unywele mmoja uliodondoka begani. Vifaa vinahesabika kwetu, lakini "equipment" haihesabiki. Mizigo inahesabika, lakini "luggage" haihesabiki. "News" huishia na "s" na bado ni umoja: "the news is good". Utafiti tumeupa wingi, tafiti, na ninakutana na "researches" katika maandishi ya wasomi wetu mara kwa mara, ingawa aliyekusudia tafiti mbili angeandika "two studies" bila shida yoyote.

Lililonifumbua macho zaidi ni hilo hilo "advice" nililofutiwa "an" yake. Kiswahili kinayo maneno mawili yenye mzizi mmoja: shauri, ambalo wingi wake ni mashauri, na ushauri, ambao hauna wingi. Ukisema "amenipa ushauri", umetaja kitu kisichokatwa vipande. "Advice" ni ushauri, si shauri. Nilipoliona hivyo, lilikoma kuwa neno la kukariri. Mtu akitaka kuutenga ushauri mmoja na mwingine, Kiingereza humpa kipimo, "a piece of advice", sawasawa na sisi tunavyosema tone la maji, punje ya mchanga au mche wa sabuni. Kinachohesabika hapo ni tone, si maji, na "a" inakaa mbele ya kipimo, si mbele ya kile kinachopimwa.

Iko njia nyepesi ya kujipima, ambayo huitumia hadi leo: badala ya "a", weka "one". Kwa kuwa "a" ilizaliwa na namba moja, panapokataa "one furniture" patakataa na "a furniture" vilevile. Njia hii haitibu kila kitu, kwa sababu itakuuliza palepale kama unajua "furniture" haihesabiki, lakini angalau hukusimamisha mahali pa hatari. Kuhusu "a" na "an" zenyewe sina mengi ya kusema: fuata sauti wala si herufi, kwa hiyo ni "an hour" na "a university".

Jambo ambalo orodha za nomino hazisemi, na ambalo ningependa lifundishwe mapema, ni kwamba nomino haizaliwi inahesabika au haihesabiki ikabaki hivyo milele. "Iron" ni chuma. "An iron" ni pasi. "Light" ni mwanga. "A light" ni taa. "Paper" ni karatasi kama malighafi, ilhali "a paper" yaweza kuwa gazeti au makala ya kitaaluma, na anayetaka karatasi moja ya kuandikia huomba "a sheet of paper". Nimewahi kusoma tathmini ya kazi iliyoandikwa "there is a room for improvement". Mwandishi alikusudia kusema bado ipo nafasi ya kufanya vizuri zaidi, lakini kwa kuongeza "a" aliigeuza nafasi kuwa chumba, kwa maana "room" bila "a" ni nafasi na "a room" ni chumba. Kiswahili kimetenga maneno mawili. Kiingereza kimetenga kwa herufi moja tu.

Ipo pia ile hali ya kutoandika chochote mbele ya nomino, ambayo nayo ina maana yake. Nomino isiyohesabika, na pia nomino ya wingi, ikitajwa kwa ujumla wake husimama peke yake: "water is essential", "books teach us". Ukiyawekea mipaka maji hayo, "the" inarudi: "the water in this bucket is dirty". Wengi wetu huandika "the life is hard", na msomaji hubaki akingoja aambiwe ni maisha ya nani. Nomino inayohesabika ikiwa katika umoja haina ruhusa hiyo. Lazima itanguliwe na "a", "the", "my", "this" au kingine cha namna hiyo, na "I saw teacher" ni sentensi iliyopungukiwa. Yapo mafungu yaliyozoeleka ambayo huivunja sheria hii, kama "by bus" na "at school", na hata wenye lugha hawafanani: Mwingereza aliyelazwa yuko "in hospital", Mmarekani yuko "in the hospital".

Wala "a" haikomi kwenye nomino. "She has few friends" ni huzuni, kwamba marafiki wake ni wachache mno. "She has a few friends" ni faraja, kwamba hakosi marafiki wawili watatu. Kwa nomino zisizohesabika tofauti hiyo hiyo iko kati ya "little time" na "a little time". Anayeandika barua ya kuomba muda zaidi kwa ajili ya mgonjwa wake ana sababu ya kuitazama herufi hiyo kwa makini.

Siku hizi nikisita hufungua kamusi iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza, kwa kuwa kamusi nyingi za aina hiyo huweka "C" mbele ya maana inayohesabika na "U" mbele ya isiyohesabika. Juzi nilitafuta "experience" na kuikuta na alama zote mbili: kwa "U" ni uzoefu uliojengeka kwa miaka, kwa "C" ni jambo moja lililomfika mtu. Nikairudia sentensi yangu, nikaona kuwa niliyekuwa nikimsifia alifanya kazi ile kwa miaka 20, nikaifuta "an".