Ninavyocheza na moto Diani

Mchana nashona nguo Ukunda, pwani ya kusini mwa Kenya. Jioni za mwisho wa juma nashuka ufuo wa Diani na wenzangu kuzungusha poi za moto: minyororo miwili yenye tambi zilizolowa mafuta, unaizungusha mpaka gizani zinaonekana duara za mwanga. Hakuna mchezo ninaoupenda kama huu. Mama aliposikia alisema, "Mwanangu, moto haufugwi." Sikubishana naye. Nilimwomba aje siku moja aone tunavyojipanga.

Mwanzoni sikuwasha kitu kwa muda mrefu. Aliyenifundisha, kaka mmoja wa sarakasi za mahotelini, alinipa soksi ndefu zilizotiwa mipira ya tenisi. Poi asili yake ni Wamaori wa New Zealand, na huko kwao huchezwa bila moto, kwa hiyo sikuona unyonge wowote kubaki na soksi. Mpira ukikugonga shingoni, umeshajua moto ungekugusa wapi. Nilipoweza kuzungusha macho yamefumbwa, tena nikiwa nimechoka, ndipo akanikabidhi minyororo na tambi za Kevlar, nyuzi imara zinazostahimili moto.

Upande wa nguo mimi ndiye niliyewafundisha wao. Kabla kitambaa hakijaingia kwenye mchezo wetu, nachomoa uzi mmoja nauchoma. Pamba huungua ikanuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Polista hujikunja, ikayeyuka na kuacha kidonge kigumu, na kile kidonge kikiwa cha moto hunata kwenye ngozi. Kwa hiyo tunavaa pamba tupu, suruali isiyopwaya, nywele zimefungwa ndani ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji. Lebo ya dukani siiamini, nauamini uzi.

Mafuta tunayotumia ni ya taa, na tunayanunua kwenye pampu, si ya chupa za kando ya barabara. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafike nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukichanganyiwa petroli kidogo tu, umebeba kitu kingine kabisa. Tunachovya tambi, tunazikung'uta ndani ya ndoo mpaka ziache kudondosha, kisha mkebe wa mafuta unafunikwa na kuwekwa mbali, upande ambao upepo unatokea. Utambi uliozimwa sasa hivi haurudi mkebeni hadi upoe.

Lakini ukiniuliza nani muhimu zaidi, nitakwambia ni yule anayeshika taulo. Ni taulo la pamba, limelowa na kukamuliwa, na mwenye nalo hatazami uzuri wa mchezo. Anatazama pindo, nywele na mgongo. Usiku mmoja mwenzetu alishika moto nyuma ya goti, naye hajui, watazamaji wanapiga makofi. Mshika taulo akaita "Goti!", kijana akatupa minyororo chini na kusimama, taulo likakandamizwa pale pale. Hatupigi moto kwa taulo, maana kupiga kunaupa hewa. Mguu tukauweka chini ya bomba, maji yanayotiririka, dakika 20 kamili. Dada mmoja mwenye huruma alikuja mbio na dawa ya meno. Tulimshukuru, tukamwomba asiipake, kwa sababu hufungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kuisafisha.

Kupuliza moto kwa mdomo sikufanyi, na kwenye kikundi chetu hakufanywi. Watu hukuomba sana, maana kunashangaza. Mafuta ya taa ni mepesi. Tone likiteleza kwenda mapafuni linaweza kuleta nimonia mbaya, hata kama mpulizaji ni hodari wa miaka. Hapo sina mjadala na mtu.

Halafu kuna makuti. Pepo za kusi na kaskazi zote, kwetu Diani, mara nyingi husukuma kutoka baharini kuja nchi kavu, na nchi kavu ndiko yaliko mapaa ya makuti yaliyokauka kwa jua. Cheche moja inatosha. Ndiyo maana tunapenda siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida: maji hutoka usiku, tunapata mchanga mpana uliolowa, mbali na paa lolote. Tunachora mstari mchangani, na mtoto akiuvuka tunazima.

Meneja wa hoteli moja alitaka tuwachezee wageni ukumbini, chini ya makuti hayo hayo, tena kwa malipo mazuri. Nikamwambia, "Bwana, hapa hapana, lakini pale chini tutacheza mpaka mchoke." Alisita, akatazama juu kwenye paa lake, kisha akaagiza viti vishushwe ufuoni.