Nani Anaita Jalada la Daktari?

Baba mdogo alistaafu akiwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, na hata saratani ya koo ilipomlaza nyumbani kwake Isevya, hapa Tabora, hakuacha kuhoji watu. Sauti ilikuwa imebaki mnong'ono. Mwaka 2021, msimu wa maembe, binti yake ambaye ni muuguzi Melbourne alipiga simu jioni, nikaweka spika na kuisogeza karibu na mto wake.

Mzee alikuwa amesikia redioni kwamba huko Australia mgonjwa asiye na tumaini la kupona anaweza kuomba dawa ya kumaliza maisha yake. Alipolitaja hilo, mama mdogo aliinuka akaenda jikoni. Mimi nilishikwa na hofu, nikadhani anataka kuomba na yeye. Lakini alichouliza ni hiki: "Huyo daktari, nani anaita jalada lake?"

Waliowahi kufanya kazi mahakamani watamwelewa. Enzi zake hakimu wa mwanzo alihukumu akiwa na wazee wa baraza, lakini mahakama ya wilaya inaweza kuita jalada lake, ikalisoma, ikatengua alichoamua. Baba mdogo aliandika maneno ya mashahidi kwa uangalifu miaka yote kwa sababu alijua kuna mtu mwingine atayasoma.

Dada akaanza kueleza. Katika jimbo la Victoria sheria ilipitishwa 2017, ikaanza kutumika Juni 19, 2019. Mgonjwa anaomba mara tatu, na mojawapo ni kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili. Madaktari wawili wanampima, kila mmoja kivyake, ndipo serikali itoe kibali. Fomu za kila hatua zinapelekwa kwenye bodi ya mapitio, ambayo mwenyekiti wake wa kwanza, Betty King, alikuwa jaji mstaafu wa Mahakama Kuu ya jimbo hilo. Bodi ikiona kasoro inaweza kulifikisha jambo polisi, kwa mchunguzi wa vifo au kwa wanaosimamia usajili wa madaktari. Dawa yenyewe inafungiwa kwenye kisanduku chenye kufuli, na kuna mtu aliyeteuliwa kwa jina kurudisha itakayobaki.

"Jaji," mzee akarudia, na nikaona amefurahi. Kisha: "Jalada linasomwa kabla au baada?"

Dada akasema Victoria kibali kinatangulia dawa, ila Uholanzi, ambako sheria ilianza 2002, kamati yenye mwanasheria, daktari na mtaalamu wa maadili inapitia kila tukio mgonjwa akishafariki.

"Maiti hakati rufaa, mwanangu."

Sheria yetu hairuhusu jambo hilo, na mimi sitamani iruhusu. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu niliona kwamba sisi pia tunaamua nani aendelee kutibiwa na nani aachwe, tena hatuandiki chochote. Wiki chache nyuma, kwenye korido ya hospitali moja kubwa, daktari alimwambia kaka yangu, "Mpelekeni tu nyumbani." Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa.

Kesho yake muuguzi wa huduma za nyumbani alikuja na chupa ya mofini ya maji. Baba mdogo akaomba daftari lake. Akavaa miwani, akapitisha kidole taratibu kwenye safu: tarehe, kiasi kilichotolewa, baki, sahihi mbili. Alikaa muda mrefu kwenye ile safu ya baki, akapiga hesabu kwa midomo.

"Dawa ina daftari," akaninong'oneza. "Mimi sina. Lete karatasi."

Akatamka, nikaandika. Asipelekwe tena kuwekewa mpira wa chakula. Maumivu yatulizwe hata kama atasinzia mchana kutwa. Asiachwe peke yake. Jirani na katibu wa msikiti wakawa mashahidi. Tuliisoma mara moja tu, siku ndugu mmoja alipokuja na gari akitaka kumkimbiza Mwanza. Baba mdogo alikuwa bado na fahamu. Akaulizwa tena mbele yetu sote, akatikisa kichwa kukataa. Alifariki nyumbani.

Baada ya arobaini, baba mkubwa aliitisha kikao cha ukoo na kuidai ile karatasi. Alituhoji mmoja mmoja, bila ukali. Mofini iliyobaki iko wapi? Nikamwonyesha sahihi ya muuguzi aliyeipokea. Nani aliyekuwepo wakati inaandikwa? Mashahidi wakajibu. Alipomfikia mama mdogo, akauliza kama naye alishirikishwa.

"Niliitwa karatasi ikiwa imeshaandikwa," akasema. "Ningeulizwa mapema, ningekubali yote isipokuwa la mpira."

Hakuna aliyembishia. Baba mkubwa akaomba kalamu, akaniamuru niyaandike maneno yake chini ya karatasi ileile kama alivyoyasema, kisha mama mdogo akatia sahihi.