Daftari la dhoruba ya 1888

Hatimaye tumemaliza kutafsiri daftari la mzee Mjerumani aliyehamia jimbo la Nebraska, Marekani, aliyeandika kwa mkono wake habari za dhoruba ya theluji ya tarehe 12 Januari 1888. Vitukuu vyake ni majirani zetu hapa. Mimi Kijerumani nilikisoma nikiwa bado Dar, wakaniomba niwasaidie.

Ugumu ulikuwa mwandiko. Ni Kurrent, ule wa zamani, ambao "e" inafanana na "n". Hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Kwanza tulipiga picha kila ukurasa, kisha daftari likaingia kwenye boksi lisilo na asidi. (Jamani, karatasi za zamani msizitie plastiki ya kuchoma kwa joto, mtaziua!)

Siku ile ilianza bila baridi kali, watoto wakaenda shule bila makoti mazito. Ghafla upepo ukageuka. Walikufa watu wapatao 235, wakiwemo watoto wengi waliokuwa wakirudi nyumbani. Mzee anaeleza alivyofunga kamba kutoka mlangoni hadi zizini ili asipotee akienda kulisha ng'ombe. Hapo nililia.

Picha za kurasa zote tumeshawagawia jamaa zake, na tafsiri inafuata.