Siku moja na benchi la msaada wa kisheria, Mbagala

Saa 11:30 alfajiri nagombania daladala Mbande. Saa 2:00 nafungua ofisi Rangi Tatu, benchi limeshajaa. Mirathi, kodi ya chumba, mshahara uliodhulumiwa: mpaka saa 4:00 nimehudumia watu sita.

Mtaani wengi hutuita vishoka, yaani mawakili feki. Inaniuma. Wasaidizi wa kisheria tunatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hatusimami mahakamani kama mawakili, wala hatumtozi mtu hata senti.

Saa 4:00 aliingia mama muuza maandazi, magongo kwapani, kafuatana na bintiye. Wiki tatu nyuma kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ilimgonga akivuka barabara, mguu ukavunjika. Akafungua pindo la kanga, akatoa PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho, na ukurasa uliochanwa daftarini.

"Mwanangu, mwenye gari kasema nitie dole gumba hapa, anipe laki moja na nusu ya hospitali."

Nikamsomea: nimepokea fidia yote, sitadai tena popote. Mama akanyamaza. Binti ndiye aliyelia.

Haijafika saa 5:00, mwenye gari mwenyewe akaingia na ndugu zake wawili.

"Dada, haya tunamalizana wenyewe."

Nikamuuliza kama gari lina bima. "Ipo, bima ndogo tu." Nikamweleza kuwa hiyo bima ndogo ndiyo inayomlipa mtu aliyegongwa, na ndiyo maana kila gari barabarani linalazimika kuwa nayo. Hakuamini. Nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Mtandao ukazunguka weee, mwishowe ikaonekana bima iko hai. Bado hakutaka. Anaogopa polisi, anaogopa leseni ya dereva wake. Mara akapandisha mpaka laki mbili, mara akafoka, mara akaniuliza nimeahidiwa asilimia ngapi. Chai yangu ilipoa mezani na wateja wengine wakaondoka.

Kupatana ni haki ya mama, sikumzuia. Niliuliza jambo moja tu: siku ya kutoa vyuma mguuni, nani atalipa? Hakuna aliyejibu. Mwenye gari akachukua karatasi yake, akaondoka.

Mchana mimi na binti tukaenda polisi kufuatilia ramani ya ajali. Afande anayepeleleza yuko nje, subirini. Tukasubiri mpaka saa 10:00, tukaambiwa turudi kesho. Kisheria mama ana miaka mitatu ya kufungua madai, lakini muuza duka aliyeona ajali anahama mwisho wa mwezi. Lazima maelezo yake yaandikwe kabla.

Giza limeingia, nimesimama kwenye daladala, sijala tangu asubuhi. Simu ikaita, ni binti.

"Dada, amekuja nyumbani na laki tatu. Mama amekataa. Anauliza kesho tuje saa ngapi."

Nikamwambia saa 2:00, na waje na PF3.