Kuvu ya gamba: hadubini, wembe na kiini cha muhogo

“Piga picha tu, programu ya simu itakupa jina.” Walioniambia hivyo wote hawajawahi kukaa mbele ya hadubini. Kuvu ya gamba haina kofia wala shina, imejibandika tu kwenye tawi bovu. Yangu, ya kahawia, niliitoa milimani Usambara, na kila aliyeiona picha aliniambia ni Stereum, jenasi moja ya kuvu hizi za gamba. Haya.

Tone la potasiamu haidroksidi, kemikali kali ya kupimia, likaigeuza nyeusi papo hapo; Stereum haigeuki hivyo. Hapo nikaanza kuwacheka.

Mshauri mwingine alisema maji matupu yanatosha. Ukiweka kuvu iliyokauka kwenye maji utahesabu mapovu ya hewa hadi ulale. Tumia hiyo hiyo potasiamu haidroksidi, asilimia 3 hadi 5, nyuzi za kuvu zitavimba zirudie umbo lake. Ila usiiguse lenzi nayo.

Sasa kukata, na hapa naomba nijisifu. Gamba ni jembamba, halishikiki. Nilichukua kipande cha shina la muhogo, nikatoa kile kiini cheupe laini, nikakipasua katikati, nikabana gamba humo baada ya kulilainisha kwa spiriti. Wembe mpya, bei ya chenji. Unakata vyote pamoja, kiini na kuvu, vipande vinaangukia kwenye kisosi cha maji. Vingi vitakuwa vinene, achana navyo. Kile ambacho karibu hukioni ndicho chenyewe. Kiokote kwa brashi ya rangi ya mtoto. Funika kwa kioo, kisha gongagonga taratibu kwa kifutio cha penseli. Ukikandamiza kwa kidole gumba umeharibu.

Kwenye ukuzaji wa mara 400 zikajitokeza seta, yaani seli ngumu zenye ncha: kahawia, kuta nene, zimechongoka kama miiba ya mlimao, zimepenya juu ya tabaka la spora. Nilipiga kelele ofisini. Stereum haina hizo.

Kwa tone la mafuta chini ya lenzi, mara 1000, nilifuata nyuzi hadi macho yakatoa machozi nikitafuta vibanio, vile vifundo vidogo kwenye viungo vya seli za uzi. Hakuna hata kimoja. Spora hazina rangi, na kwenye dawa ya Melzer, ile ya iodini ya kupimia spora, hazikugeuka buluu. Za Stereum zingegeuka. (Melzer niliombaomba sana, maana ina klorali haidreti, dawa ya usingizi ya zamani, hawakupi hivi hivi.)

Basi ni Hymenochaete, jenasi nyingine ya kuvu za gamba. Spishi bado naipigania: napima seta nyingi, si ile moja iliyonona, na mti wenyewe sikuuandika kwenye bahasha kwa kuwa tawi halikuwa na jani.