Mimi ndiye ninayeandika nyufa za nyumba yako: siku moja kazini, Mtwara

Saa 12 asubuhi niko macho. Simu mbili zimejaa chaji. Fomu zimo kwenye begi pamoja na tochi, testa, futi, kitambaa cha kufutia vumbi na chaja ya zamani ya simu, ambayo kazi yake nitaieleza. Chai na muhogo wa kuchemsha, kisha natoka.

Kazi yangu ni kuandika hali ya nyumba za kupanga. Mpangaji anapoingia napita chumba kwa chumba, napiga picha, naandika kilichopo na kilichoharibika, halafu yeye na mwenye nyumba wanasaini. Akihama narudi na karatasi zile zile kuona kilichobadilika. Niliijifunza miaka ile ya gesi, kampuni zilipomiminika Mtwara na kodi zikapanda kwa kasi, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika 2015. Kampuni zile hazikupokea ufunguo bila orodha iliyosainiwa. Nyingi zimeshaondoka. Ujuzi nimebaki nao, na wanaouhitaji zaidi nimewakuta kwa watu wa kawaida: mama wa duka mwenye vyumba vinne vya kupangisha, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka bara asiyemjua mtu.

Wengi hunichukulia kuwa dalali. Dalali anakutafutia nyumba, anachukua kodi yake ya mwezi mmoja, mnaagana. Mimi naanza yeye akishaondoka. Wapangaji wengine hudhani nimetumwa kuwachunguza, na wenye nyumba wengine hudhani nimekuja kuwatetea wapangaji. Ada yangu wanailipa wote wawili, nusu kwa nusu, na anayetaka kunilipa peke yake namkatalia hata akiongeza.

Saa 2 niko Chikongola. Minada ya korosho huanza Oktoba, kwa hiyo wiki hizi vyumba vinakwenda haraka: makarani, madereva, watu wa maghala. Leo ni kijana karani, chumba na sebule, kodi 40,000 kwa mwezi, analipa miezi sita mbele. Naanzia mlangoni, nazunguka kwa mkono wa kulia mpaka nirudi mlangoni pale pale, ili picha zifuatane na asiwepo wa kusema ukuta fulani uliachwa. Kila ukuta una picha yake ya mbali. Kila kasoro ina picha ya karibu, na kando yake naweka sarafu ya shilingi 200 ili ukubwa wa ufa uonekane bila ubishi. Chaja ndiyo hii sasa: naichomeka kwenye kila soketi na simu iitikie. Soketi inayoonekana nzima lakini haipeleki umeme ni ugomvi unaosubiri siku ya kuhama.

Halafu mita ya LUKU: namba zake 11, uniti zilizobaki, na deni kama lipo. Hapa huwa natumia dakika za ziada hata kama wote wana haraka. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye manunuzi ya umeme, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na mara nyingi huyo ni mpangaji, wakati kodi ni ya mwenye jengo. Kijana hakuwa na habari. Nikawaambia waandike kwenye mkataba nani ataibeba, wakaandika.

Akaniuliza, "Dada, chumba cha elfu arobaini nacho kinahitaji yote haya?" Nikamjibu kwa lugha ya kazi yake. Korosho haiingii ghalani bila stakabadhi yenye kilo na daraja, ili kesho asitokee wa kusema mzigo ulikuwa mchafu. Chumba nacho kinapokelewa hivyo hivyo. Akacheka, akachukua kalamu, akasaini kila ukurasa.

Saa 4 nilikuwa Ligula, nyumba mpya ambayo haijawahi kukaliwa, na kila kitu kinafanya kazi. Nusu saa tu.

Saa 5 nikafika Shangani, na siku yote iliyobaki ikaishia pale.

Mpangaji ni muuguzi, amepata uhamisho baada ya kukaa miaka miwili. Mwenye nyumba ni mzee mstaafu, ni ya kwake kwa jasho lake, na anaipenda. Nyumba iko karibu na bahari. Canter ya kuhamisha vyombo imeshapakiwa nusu, dereva wake amekaa kivulini na kila baada ya muda anakumbusha kwamba kusubiri kuna bei. Pesa ya amana ni 300,000. Nilipomwamkia mzee shikamoo aliitikia marahaba, na kabla sijafungua begi akaniambia, "Binti yangu, andika tu kwamba amana yote inabaki kwangu. Nyumba imeharibiwa."

Nikamwomba tupite kwanza.

Sebule, chumba cha kwanza, choo, bafu: havina shida. Rangi imefifia, kuna alama za misumari ya picha, kitasa kimoja kinalegea. Huo ni uchakavu wa kawaida wa nyumba inayoishi mtu, na mpangaji halipi uchakavu. Kwenye grili za madirisha ndipo sauti zilipoanza kupanda. Kutu imetoka chini ya rangi, imeacha michirizi ya kahawia mpaka kwenye ukuta. Mzee anasema mpangaji hakuwa akifuta madirisha. Muuguzi anasema alifuta kila Jumamosi. Nikapitisha kidole kwenye nondo upande wa baharini, rangi ikabanduka magamba. Nikapitisha kwenye dirisha la uani lisilopata upepo wa bahari, rangi imeshika. Nyumba ile ile, mpangaji yule yule, kitambaa kile kile. Kusi limevuma miezi yote hii likileta chumvi, na chuma kilichopakwa rangi bila kusafishwa kutu ya zamani hakivumilii. Nikaandika hivyo. Mzee akasema mimi nimenunuliwa.

Neno hilo linaniuma kila linaposemwa, na huwa silijibu. Nageuza ukurasa.

Chumba cha nyuma. Fremu ya mlango, chini upande wa bawaba, imeliwa na mchwa. Niligonga kwa kifundo cha kidole kuanzia juu: sauti nzito, nzito, nzito, halafu kama futi moja kutoka sakafuni ikawa tupu. Nikabonyeza na ncha ya kalamu, ikazama. Mzee akainua mikono, "Unaona? Mlango mzuri aliukuta, anauacha gofu!" Muuguzi akaanza kulia, maana aliona amana yake yote imekwenda, na Canter inamsubiri, na kule anakohamia anadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Nikafungua simu, picha za siku aliyoingia. Chumba cha nyuma, picha ya fremu. Kwenye kona ya chini kuna njia ya udongo, upana wa penseli, inatoka kwenye ufa wa sakafu inapanda kwenye mbao. Chini ya picha, kwenye fomu, maandishi yangu: njia ya mchwa, fremu ya mlango, mwenye nyumba ameshauriwa kuweka dawa. Na saini mbili. Mzee akachukua simu, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Akasema picha za simu zinachezewa. Nikampa karatasi yenyewe, yenye wino wake. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba mwaka ule mkewe alikuwa anaumwa na pesa ya dawa ya mchwa ilikwenda hospitali. Sote tukanyamaza. Nilimhurumia kweli. Lakini fremu haikuliwa na muuguzi.

Basi nikadhani tumemaliza. Hapana, jiko bado.

Kwenye meza ya kupikia, vigae vitatu vimepasuka na kuungua, duara la jiko la mkaa linaonekana waziwazi. Safari hii ni muuguzi aliyesema alivikuta hivyo. Nikafungua picha ya siku aliyoingia: vigae vizima, vyeupe vyenye maua madogo ya bluu, vinang'aa. Akaniangalia kama nimemsaliti. "Dada, mimi nilijua uko upande wangu." Nikamwambia siko upande wa mtu. Dakika kumi nyuma karatasi ile ile ilikuwa imemwokoa, na sasa inamdai. Alinyamaza, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema umeme ulikuwa umekatika siku hiyo na mtoto alikuwa na njaa. Naamini. Anayepika kwa mkaa juu ya vigae bila kuweka kitu chini lazima vipasuke, na kila mwezi nakutana na duara kama lile.

Mzee akafufuka. Anataka meza yote ibomolewe na kuwekwa vigae vipya, kwa sababu aina ile haiuzwi tena mjini na viraka vitaonekana. Hapa sikuweza kumpuuza, maana ana hoja. Nikampigia fundi ninayemwamini, akazunguka maduka mawili, akarudisha jibu: hakuna. Tukabishana bei, tukabishana rangi, jua likageuka upande wa pili wa nyumba, maji ya bomba yalishakatwa, na dereva wa Canter akaja mpaka mlangoni kusema anaondoka na vyombo vilivyomo. Muuguzi akamwongezea 10,000. Sikuwa nimekula. Mtoto wa jirani alipita na sinia la ming'oko, nikanunua, nikala nimesimama huku naandika.

Nilichopendekeza ni hiki: mtu alipie alichoharibu. Vigae vitatu vyeupe visivyo na maua, pamoja na ufundi, 45,000 kwa hesabu ya fundi. Meza ina umri wake, ilishapungua thamani kabla ya jiko kuwekwa. Na nataka kila mwenye nyumba anayesoma hapa anisikie: ukimaliza kujenga, weka boksi moja la vigae vilivyobaki stoo, na kopo la rangi yenye namba yake. Ubishi wa mchana mzima unaisha kwa dakika tano.

Kuna wakati, muuguzi akiwa nje, mzee alinivuta pembeni na noti mbili za 10,000 zimekunjwa kiganjani. Akaomba fremu tu niiandike upya. Nikamrudishia mkono wake taratibu, nikamwambia, "Mzee wangu, nikikuandikia wewe leo, kesho mwingine ataniandikisha dhidi yako." Hakukasirika. Alionekana amechoka kama mimi.

Sikumbuki vizuri saa ngapi tulisaini. Adhuhuri na alasiri zote zilipita tuko jikoni. Mzee alikataa kukubali ukurasa wa grili. Nikamweleza kwamba haki hiyo anayo: saini, kisha andika pembeni kwamba hukubaliani na sababu zako. Sheria ya 1984 iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo mengi siku hizi yanasimama juu ya mkataba na vielelezo mlivyonavyo. Suala likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, aliyeandika ana pa kuanzia, na aliyepiga kelele hana. Akaandika mistari minne kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani.

Tukagawa amana mbele ya wote: 210,000 mkononi mwa muuguzi, 45,000 za vigae kwa mzee, na 45,000 za grili zinazobishaniwa zibaki kwa mzee, zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi, mpaka mwenyekiti wa mtaa awasikilize Jumatatu. Muuguzi atawakilishwa na mdogo wake. Picha zote niliwatumia WhatsApp wote wawili palepale, kabla sijavuka geti. Hilo silibadilishi hata mvua ikinyesha, kwa sababu picha inayotumwa kesho inazua maswali ya jana usiku ilikuwa wapi.

Kulikuwa na nyumba nyingine Mikindani jioni. Nikaomba radhi kwa simu, tumepanga asubuhi.

Bajaji mpaka Chuno, miguu inawaka. Nyumbani nimeoga, nimekula wali na samaki, nimekaa kwenye kompyuta kuhifadhi picha kwa tarehe na chumba, nakala moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski ya nje. Ripoti ya Shangani ina kurasa kumi na moja. Saa 4 usiku mzee akatuma ujumbe wa sauti: anauliza dawa ya mchwa inauzwa duka gani, na kama ile fremu inaweza kukatwa chini tu bila kubadilishwa yote. Nikamtumia namba ya fundi, nikamwambia Jumatatu saa 3 nitakuwepo ofisi ya mtaa na karatasi zote mbili, ya kuingia na ya kutoka.