Tulivyofunga mlango wa mto ili mbasa apande

Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha wananchi cha kulinda rasilimali za uvuvi, katika kijiji kimoja cha Kyela, mkoani Mbeya. Mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa, hatagi ziwani. Mvua zikianza anapanda mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Anayetega wavu mlangoni mwa mto majira hayo hasumbuki hata kupiga kasia, samaki wanamjia wenyewe, matumbo yamejaa mayai. Ndiyo maana pale pana ugomvi kila masika.

Nilipotaka pafungwe, pasivuliwe majira hayo, wazee walidhani nataka kuwanyang'anya ziwa. Nikawaeleza habari za kisiwa cha Mafia. Hifadhi ya bahari ya kule, iliyoanzishwa 1995 chini ya Sheria Na. 29 ya 1994, haikuhamisha wavuvi. Maji yamegawanywa kanda tatu: moja haivuliwi kabisa, nyingine ina masharti makali, na ya matumizi ya jumla mwenyeji anavua kwa zana halali. Wenzetu wa Malawi nao, katika ziwa hilihili, walitenga hifadhi ya taifa mwaka 1980, na upande wa maji inaishia mita 100 tu kutoka ufukweni.

“Kumbe si ziwa zima, mwanangu?” mzee mmoja akauliza.

Mpaka sikuuchora mimi. Wavuvi wenyewe waliingia na mitumbwi, wakabishana nusu siku, wakafunga madumu ya njano yawe maboya. Kilichochosha ni makaratasi: mkutano mkuu wa kijiji, sheria ndogo ya halmashauri ya kijiji, kisha idhini ya halmashauri ya wilaya. Vijana walitaka tuanze kutoza faini mara moja. Nilikataa. Faini isiyo na sheria iliyopitishwa ni unyang'anyi, na mkosaji mjanja atakushinda mahakamani.

Doria za usiku tunazo, ila mafuta ya boti ni tabu, na kokoro, wavu wa kukokota, halina kelele. Msaada mkubwa umetoka kwa akina mama wachuuzi, ambao miezi hiyo hawanunui mbasa mwenye mayai. Mvuvi akikosa mnunuzi anarudi mwenyewe kwenye dagaa.

Kilichobaki ni huko juu. Mbasa akishatupita anaingia kijiji cha jirani, ambako sheria yetu ndogo haifiki, na huko wanaziba mto kwa vyandarua vya mbu. Mwenyekiti wao amekubali tukae, tukishavuna mpunga.